Fomu Niliyoijaza kwa Adabu

Nyumba ya ghorofani,
Nyuma ya ghala la mbao.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Nianze kwa kuomba radhi. Miezi saba imepita bila wewe kupata hata mstari mmoja kutoka kwangu, ilhali mimi ndiye niliyekufundisha kwamba kutojibu barua ni sawa na kumfungia mgeni mlango usoni. Kila ulipopiga simu nilikujulia hali, nikakwambia sote wazima, kisha nikampa binti yako azungumze nawe. Niliyoyasema kwenye simu hayakuwa uongo, lakini hayakuwa kweli yote. Yaliyobaki hayasemeki mtoto akiwa ameketi kando yangu.

U hali gani lakini? Mgongo umepata nafuu, au bado wanakuinamisha kutwa juu ya vitanda vya wagonjwa? Wifi yako anasisitiza kwamba ule mkanda wa kiuno uuvae hata siku ambazo huoni maumivu. Na kikohozi cha msimu wa baridi, kimekwisha?

Sisi huku afya si haba. Goti langu la kushoto hunikumbusha umri kila ninapopanda ngazi, na wifi yako bado yuko dirishani na cherehani yake. Binti yako hajaugua hata siku moja. Amerefuka, upindo wa sketi yake ya shule umeteremshwa mara mbili mwaka huu. Nalieleza hilo mwanzoni ili usishtuke na yanayofuata.

Unakumbuka ulipomleta kwangu akiwa na miaka tisa. Maseremala wa pale chini walimpa jina la Chiriku kabla begi lake halijafika juu. Aliwauliza kwa nini mbao hupinda, kwa nini hupinda upande mmoja tu, na kama ingekatwa kwa mshazari ingepindia wapi. Walicheka mpaka wakaweka randa chini. Jina likamganda.

Mwaka jana, alipokuwa kidato cha kwanza, ratiba ya shule yao ilivurugika. Maabara moja ilifungwa kwa ukarabati, na kila Jumanne madarasa mawili yakawa yanagongana mlangoni mwa ile iliyobaki. Mwalimu wa taaluma aliipanga upya mara tatu. Kila alipotengeneza Jumanne, Alhamisi iliharibika. Binti yako alikuja na nakala nyumbani, akatandaza vifuniko vya chupa sebuleni, kila rangi mwalimu wake, kila mstari saa yake. Nilirudi kutoka matembezini nikavikanyaga. Nikamwambia kwamba sebule yangu si jalala, azoe takataka zake. Alizoa bila kubisha, akamalizia kazi kichwani. Ratiba ile ndiyo wanayoitumia mpaka leo. Habari hiyo nilikuja kuipata kwa mwalimu wake wa hisabati, si kwake.

Sasa nifike penye jambo lenyewe. Mwezi wa pili shule ilitangaza darasa la wanafunzi wenye vipaji vya pekee. Kumi tu wa kidato cha pili wangechaguliwa, wafundishwe alasiri na wakufunzi kutoka chuoni, waachwe waende kwa kasi yao, badala ya kukaa wakihesabu nyufa za dari huku wenzao wakimalizia zoezi. Mwalimu wa hisabati, kijana mmoja ambaye tai yake haifiki tumboni, alimweka binti yako wa kwanza katika orodha yake. Mtihani alifaulu. Ikabaki fomu ya mlezi, ambayo ilikuwa na theluthi moja ya alama.

Fomu hiyo niliijaza mimi, mezani pangu, kwa kalamu ya wino, bila kufuta neno. Waliuliza kama mtoto huuliza maswali mengi kuliko rika lake. Niliandika: *Huuliza, kwa kukosa subira.* Waliuliza kama kuna jambo analolifanya kwa umahiri usio wa kawaida. Niliandika: *Hakuna.* Waliuliza kama ningependa awekwe katika darasa hilo. Niliandika: *Ni mtoto wa kawaida. Shule iamue ipendavyo.* Nilipomaliza niliisoma tena nikaridhika, maana haikuwa na kosa hata moja.

Usidhani kwamba nilimwonea kwa makusudi. Mimi na wewe tumelelewa nyumba moja. Mgeni aliposema, "Mtoto huyu ana akili," Baba alijibu, "Ana ukaidi tu." Ndiyo iliyokuwa adabu, na ndiyo iliyokuwa kinga ya kijicho, na wageni wote walijua kwamba Baba akisema ukaidi anamaanisha akili. Mimi nilidhani atakayeisoma fomu ile naye amelelewa hivyo, kwamba angeyaona maneno yangu na kuyageuza mwenyewe. Hawakuyageuza. Waliyahesabu kama yalivyo.

Tena kuna kazi iliyonilisha. Miaka thelathini na moja nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Nililipwa nione makosa. Penye kosa niliweka alama nyekundu. Ukurasa usio na kosa haukuandikwa kitu, uliachwa ukapita. Naogopa kwamba nilikuja nyumbani na kalamu ileile, na mtoto ambaye hakukosea nilimwacha naye apite.

Majina kumi yalibandikwa ubaoni, lake halimo. Siku ya tatu mwalimu wa hisabati alipanda ngazi zetu akihema, fomu yangu mkononi.

"Shikamoo, Mzee. Samahani, huu mwandiko ni wako?"

"Marahaba. Ni wangu."

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba hakuna analoliweza? Mzee, huyu mtoto ametupangia ratiba ya shule nzima!"

"Kizuri chajiuza, mwalimu," nikamjibu.

Wifi yako akasimamisha cherehani. "Chajiuza kikiwa sokoni, bwana. Wewe umekifungia kabatini na ufunguo umeutia mfukoni. Ungekuwa na ng'ombe wa kuuza, ungeanza kumwambia mnunuzi kwamba anachechemea?"

Kijana yule alicheka, kisha akaona haya, akaanza kunisomea majibu yangu moja moja kwa sauti, kama mtu anayetafuta mahali alipokosea kusoma. Unaijua nyumba yetu: kati ya sebule na jiko hapana ukuta, ni pazia. Pazia likafunguka, binti yako akaingia na sinia. Akaweka vikombe vitatu mezani. "Karibu chai, Mwalimu," akasema, akarudi jikoni.

Tangu siku ile akaacha kuniuliza maswali. Anaamka, anafagia, anaamkia, anakwenda shule, anarudi. Ukimwuliza anajibu, tena kwa heshima. Maseremala humwita, "Chiriku, leo umemeza nini?" naye huwasalimu akapita. Mwanzoni nilifurahia utulivu ule. Nilimwambia wifi yako kwamba mtoto ameanza kukomaa. Akaniambia, "Huyo hajakomaa. Huyo amezimika."

Mwezi wa saba aliukabidhi mtihani wa hisabati ukiwa na jina lake tu. Nilipomwuliza sababu, alinijibu bila hasira, kama mtu anayesoma tangazo ukutani: "Mjomba, mtoto wa kawaida hupata za kawaida."

Nikamkemea kwa utovu wa adabu. Hata hapo, ndugu yangu, nilimkemea.

Siku hizo ndipo nilipoanza kukukumbuka wewe usiku na mchana. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu ulipoleta ripoti nyumbani ukiwa wa kwanza katika darasa lote. Baba aliitazama akauliza, "Na hizi alama tatu zimekwenda wapi?" Uliikunja mara nne ukaitia katika kiatu. Nilikuona. Nilikuwa mkubwa tayari, na neno langu lilisikika katika nyumba ile. Sikulisema.

Mwishoni mwa mwezi wa nane mwanafunzi mmoja kati ya wale kumi alihama na wazazi wake, nafasi yake ikabaki wazi. Mwalimu wa hisabati aliizungusha habari hiyo ofisi hadi ofisi mpaka mkuu wa shule akakubali kamati ikae upya. Nikueleze wazi uzito wake: mwakani watagawanywa katika michepuo kwa alama za mwaka huu, na alama za binti yako sasa ni za mtu aliyeweka kalamu chini. Akiipata nafasi hii, atapangwa kwa pendekezo la wakufunzi. Asipoipata, mlango wa sayansi unafungwa, na sioni nani ataufungua tena.

Tuliitwa Jumatano iliyopita, mimi na yeye. Walikuwa watatu ofisini: mkuu wa shule, ofisa wa elimu ambaye hakuacha kuandika, na mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Nilikuwa nimeandaa ukurasa mzima. Nilipoutoa mfukoni, mama yule akaukunja akanirudishia.

"Maandishi yako tunayo, Mzee. Leo tuambie kwa mdomo. Mtoto huyu ni nani?"

Binti yako alikuwa ameketi kando yangu, mikono mapajani, anatazama mguu wa meza. Mkuu akanisogezea glasi ya maji, nikayanywa yote. Sikukosa la kusema. Nilikosa mazoea.

Kisha nikasema. Nilianza na vifuniko vya chupa, na jinsi nilivyomwamuru avizoe. Nikawaambia jambo ambalo hata wewe hulijui. Alipokuwa na miaka kumi, nilikuja nyumbani na prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, za kitabu cha majedwali ya vipimo. Alikaa ubavuni pangu akachungulia, akaweka kidole ukurasa wa arobaini: "Mjomba, hii safu haijumliki." Mimi nilikuwa nimeipitisha, na mwenzangu kabla yangu alikuwa ameipitisha. Asubuhi nilipeleka sahihisho kazini. Meneja alinipongeza mbele ya wafanyakazi wote, nami nikazipokea pongezi nikarudi nazo nyumbani, nikazila peke yangu. Sikumwambia mtu kwamba ni yeye. Yeye mwenyewe sikumwambia kwamba alikuwa sahihi.

Nikamaliza kwa kusema kwamba maishani mwangu nimesoma kazi za watu wengi waliosoma sana, na sijakutana na akili kama ile iliyoketi kando yangu. Ofisa wa elimu aliacha kuandika. Binti yako hakuinua uso.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika kwenye ukuta wa ghala akaniita.

"Mjomba."

"Naam."

"Yale uliyoyasema ni kweli, au umeyasema ili nipate nafasi?"

"Ni kweli."

Tulikwenda hatua chache.

"Umeyajua tangu lini?"

Ningeweza kumjibu kwamba tangu mwaka jana. Nilimjibu ilivyo: "Tangu ulipofika."

Akahesabu, nilimwona akihesabu, ingawa mtoto yule hahitaji muda kwa hesabu ya namna hiyo. "Miaka mitano," akasema. Basi, hayo tu. Akanipita akapanda ngazi, bila haraka, akaniachia mlango wazi.

Kamati itaamua mwishoni mwa mwezi. Mwalimu wa hisabati ana matumaini. Mama mwenye miwani hakusema kitu. Lakini wametaka pia mwanafunzi aandike kwa mkono wake kwamba anaitaka nafasi. Karatasi hiyo iko mezani tangu Jumatano. Kila asubuhi naitazama, na kila asubuhi ni nyeupe. Sijamhimiza. Nimepoteza haki ya kumhimiza, na wifi yako ameniambia kwamba hilo angalau nimelijua kwa wakati.

Ndani ya bahasha hii utakuta fomu nyingine, sehemu ya mzazi. Ijaze wewe. Maswali ni yaleyale. Nakusihi usijibu kama tulivyofundishwa. Useme unachokijua juu ya mtoto wako, chote, kisha umpigie simu umsomee yeye kwanza kabla hujaituma. Mimi nitatoka nje mtakapokuwa mnazungumza.

Ukinikasirikia, una haki. Uliniachia mtoto mwenye maneno mengi, nami sasa nina mtoto mtulivu ambaye wageni wananisifia malezi yake.

Wifi yako anakusalimu, na amekushonea blauzi mbili ambazo atampa msafiri wa kwanza atakayepatikana. Maseremala nao wanakusalimu na kuuliza utarudi lini. Nisalimie binamu yetu mpishi na mwanawe mdogo, na yule mkunga jirani yako aliyekuuguza mwaka juzi. Mwambie bado tunamwombea. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi mzuri, na asiruhusu umbali huu ukuzoeshe kutokuwa nasi.

Kuna maamuzi mawili yanayosubiriwa, wa kamati na wa binti yako, na huu wa pili ndio unaonikosesha amani. Yote mawili yakishapatikana nitakuandikia siku hiyohiyo, na iwapo jibu la mojawapo ni hapana, nitaliandika kama lilivyo, bila kulifunika.

Mimi kaka yako mkubwa, ambaye anakupenda, na ambaye alipaswa kukwambia hivyo siku ile ulipokuwa wa kwanza.