Mama hataki kukanyaga kwangu kwa sababu ya neno moja

...lakini mgongo huu wa kuinama siku nzima utapona. Kinachonichosha leo ni neno.

Jumatano, Kasulu. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa, saa kumi jioni, haijakata. Bati linavuja upande wa mabeseni, na funza wetu wakipata unyevu mwingi hawakai. Wanapanda ukingo na kuondoka kama wanafunzi waliosikia kengele. Mimi na Elia tumewaokota sakafuni tangu asubuhi, kwa kijiko, kwa ufagio, mwisho kwa mikono. Mabeseni mia mbili! Wateja wa Buhigwe, wanaowalisha kuku na samaki wao funza hawa, wanakuja keshokutwa, na bila jua hatuwezi kukausha chochote.

Nimechoka mpaka nimekula ugali nimesimama.

Na bado, nikimwona mume wangu amepiga magoti kwenye tope la maganda, ananichekea na kijiko mkononi, moyo wangu unaruka. Miezi mitatu ya ndoa, na kila nikichanganya maganda ya ndizi na machicha ya pombe nasimama kidogo kuiangalia pete yangu. Elia ananuka machicha. Nampenda hivyohivyo.

Sasa lile neno.

Siku ya posa, kule kwetu Murungu, Elia aliulizwa anafanya kazi gani. Akasema, "Mimi ni mfugaji." Wazee wakafurahi sana. Hakuna aliyeuliza anafuga nini. Kila mmoja aliona ng'ombe kichwani mwake. Mimi nilijua, nikanyamaza. Naungama hapa: nilinyamaza kwa sababu nilitaka mno kuolewa naye.

Wiki iliyopita mama akapiga simu kuuliza ng'ombe wangapi wanakamuliwa. Nikaona basi, yatosha.

"Mama, sisi tunafuga funza."

Simu ikakatika. Nikadhani mtandao umekata.

Leo mchana kondakta wa basi la Kibondo ameniletea kifurushi. Maharage, pini za kutosha kwaya nzima, chupa ya dawa ya kuoshea miguu, na raba mpya, zangu na za Elia.

Jamani! Mama anadhani tunafuga wale funza wanaoingia vidoleni.

Kwetu mtoto mwenye funza miguuni ni aibu ya mama yake. Na mimi nimemwambia kwa mdomo wangu kwamba nimeolewa na mtu anayewafuga kwa biashara. Elia amecheka mpaka ameketi kwenye maganda. Nami nimecheka, halafu nikalia, maana chini ya maharage kulikuwa na karatasi: yeye na akina mama wenzake wa kanisani hawatakuja kuniona Jumamosi kama tulivyopanga. Hawezi kuwaleta waje kuangalia miguu ya mwanawe.

"Kiswahili ndicho kimetuponza," Elia akasema. "Ngoja niongee naye Kiha."

Akampigia, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie. Akamsalimu vizuri, akamweleza kwamba si wale wa vidoleni, ni *inyo*, wale wadogo wa nzi, tunawalisha kuku.

"Inyo?" mama akauliza. "Inyo za kwenye mzoga?"

"Ndiyo, mama, ila za kwetu zinakula maganda tu."

"Mwana wanje," yaani mwanangu, akaniita mimi, si Elia. "Bora wangekuwa wale wa vidoleni. Wale wana dawa."

"Mama, kuku wakiwala wananenepa kweli," Elia akajitetea.

"Kuku hao wasifike kwangu!"

Elia akanipa simu, akarudi kuokota. Hakucheka tena. Nimemjua mwanaume huyu akijisifia funza wake mbele ya watu sokoni, mbele ya mchungaji, mbele ya kila mtu. Leo kwa mara ya kwanza nimemwona ameinamisha kichwa kwa sababu ya kazi yake. Uchovu wa mgongo si kitu mbele ya hilo.

Mama alikuwa bado hajakata. Akaniuliza taratibu, "Lakini anakupenda?"

"Sana, mama."

"Basi njoo mwenyewe unieleze. Kwenye simu mimi sielewi."

Nimemwambia Elia. Amesema, "Nenda peke yako, mimi nitawatia aibu." Nimekataa. Kama ningesema ukweli siku ile ya posa, leo asingekuwa anatafuta pa kuficha uso. Kosa ni langu, na ni mimi nitakayelisahihisha mbele ya wazee walewale, na mume wangu amekaa pembeni yangu.

Mvua ikate kwanza, tukaushe, wateja wapate mzigo wao. Halafu, mama, tunakuja Murungu wawili. Kabla mwezi haujaisha utatuona mlangoni.