Kimashine ni Kizima, Mume Ndiye Anayetekenyeka

Mshauri wangu mpendwa, niokoe kabla mwisho wa mwezi haujanifika, maana nina raha na nina balaa kwa pamoja na sijui nianze na lipi.

Nianze na raha. Nimeolewa juzijuzi tu, na mume wangu, mshauri, laiti ungemwona! Ni fundi wa vifaa vya umeme, mpole, ana vidole vyembamba vinavyoshika skrubu ndogo kama punje ya mtama, na akinipigia simu kazini ananiita Kipusa kwa sauti mpaka mafundi cherehani wenzangu wanaguna kwa wivu. Kutwa anainamia meza, jioni anarudi kashika kiuno kama babu, nami roho inaniuma, basi nikaingia duka moja kubwa la vifaa vya nyumbani nikamnunulia kimashine cha kukanda mgongo, kile cha kushika mkononi chenye kichwa kinachotetemeka, nikakifunga utepe mwekundu, nikakilaza juu ya mto wake.

Nilikigusisha ubavuni tu, akaruka kama samaki aliyetolewa majini! Akacheka, akarusha mateke, taa ya kando ya kitanda chini, machozi yanamtoka, "Basi, Kipusa, basi, nakufa!" Tumejaribu bega, tumejaribu kiuno, hata kisigino. Kumbe mume wangu anatekenyeka kila mahali! Na kwa jinsi anavyonipenda, kila jioni anajilaza kifudifudi, anauma mto, anasema, "Haya mke wangu, endelea, nafaidi." Anafaidi nini, mshauri, na anajikunja kabla sijawasha?

Nikaona nikirudishe kimyakimya nimchukulie kitu kingine. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, akanicheka: "Wifi nawe! Duka gani linapokea kitu kilichofunguliwa? Sema kibovu, yaishe." Nikafika kaunta, muuzaji akaniuliza, "Kina tatizo gani, dada?" neno likanitoka lenyewe: "Kinazimikazimika." Akakipokea vizuri tu, akabandika jina langu, akasema, "Usijali. Mwisho wa mwezi tunapeleka vibovu vyote kwa fundi wetu, yule wa karakana ya nyuma ya posta. Akithibitisha, unapata pesa yako. Yule bwana tunamwamini kuliko hata kiwanda."

Mshauri, nyuma ya posta kuna karakana moja tu, na chupa ya chai iliyopo mezani pale naijaza mimi! Nilijua mume wangu anapokea kazi za maduka, sikujua kama na duka hili limo. Akiandika kizima, mkewe ni mwongo. Akiandika kibovu ili kunisitiri, ameliuza jina lake, na jina hilo ndilo linalotulisha. Wifi anasema nimwombe tu, eti mume anayependa haulizi maswali. Na mimi je, sina haki ya kurudisha kitu nisichokitaka?

Ni mimi, Kipusa wa Fundi.

JIBU

Kipusa, hongera kwa ndoa na pole kwa mdomo. Nilicheka mpaka ulipofika kaunta, hapo nikaacha.

Kitu kibovu, au kisichofanana na ulivyoelezwa, unakirudisha kifua mbele. Lakini kitu kizima, umekifungua, umekitumia, kisha umebadili mawazo? Mara nyingi duka halilazimiki kukipokea. Likikipokea ni hisani yake, au ni kwa sababu lenyewe liliahidi, ndiyo maana masharti ya kwenye risiti husomwa kabla ya kufunga utepe. Na vitu vinavyogusa mwili, vikishafunguliwa, maduka mengi huvikataa hata ukilia. Wakikukatalia, hawajakudhulumu. Kimashine kilitakiwa kitetemeke, kimetetemeka. Aliyeruka ni mumeo.

Wifi yako mwache na ushauri wake. Siku ya kuulizwa nani alisema kibovu, hutamwona.

Na kumwomba fundi aandike uongo, usithubutu! Unamsifia vidole, kisha unataka vitie saini ya uongo?

Nenda dukani kesho, kabla hawajakusanya vya kupeleka karakana. Chukua risiti na boksi lake. Sema hivi: "Nilidanganya, samahani. Ni kizima, nimekitumia, ila hakimfai mume wangu. Mnaweza kunibadilishia?" Usidai pesa, omba. Wakikubali, chukua mfuko wa maji ya moto, huo hautekenyi mtu. Wakikataa, sema asante, ubebe kimashine chako urudi nacho, umpe fundi akukande wewe. Au ulidhani kuinamia cherehani kutwa hakuumizi mgongo?

Lakini kabla ya duka, mume. Mwanamume anayeuma mto kila jioni ili mkewe asivunjike moyo hawezi kushindwa kuupokea ukweli mdogo kama huu. Mwambie leo, kabla hajavua viatu, na umwache acheke kwa hiari yake.