Fundi wa Risasi

Albert Park, Durban
4 Machi 2024

Papa,
Jambo sana. Umeamkaje, na mkono umepata nguvu kidogo? Sisi tuko wazima. Mume wangu Bertrand anakusalimia; Mungu akipenda utaitwa babu, mimba iko na miezi mitatu.

Nimepata kazi kwa fundi wa mabomba, mtaa wa Umbilo. Tunang'oa mabomba ya madini ya risasi katika nyumba za zamani, kisha mimi nayayeyusha ndani ya gereji. Bosi ametueleza kwamba jina la kazi yetu kwa Kiingereza, plumber, limetoka kwa Warumi: risasi waliiita plumbum. Nikacheka. Kumbe ni plomb yetu, ndiyo maana Kifaransa kinasema plombier! Mbona hukunifundisha hilo, nawe ulikuwa fundi wa risasi?

Binti yako,
Larissa

Uvira, 6 Machi

Larissa mwanangu,
Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma kwenye simu. Acha kazi hiyo leo.

Mkono wangu haukulemazwa na baridi kama nilivyokuambia. Ni risasi. Niliiyeyusha jikoni miaka sita, nikiunda vizito vya nyavu, marehemu mama yako akipika kando yangu. Mimba tatu zikatoka. Watu wakasema mdogo wake, Ghislaine, ni mchawi, wakamfukuza. Mwezi uleule nilihamishia kazi barabarani, na mimba iliyofuata ukazaliwa wewe. Wakasema: mmeona?

Mwaka 2009 daktari wa Bukavu alinipima damu, akanieleza yote. Nikanyamaza.

Baba yako

Uvira, 15 Machi

Mwanangu, u mzima? Simu haiiti. Niandikie hata neno moja.

Baba

Durban, 29 Machi

Papa,
Jambo. Nimepimwa. Risasi imo katika damu yangu. Daktari anasema nimeacha mapema, lakini watatufuatilia mimi na mtoto. Bosi alisema tu, “Eish, wenzako wanafanya miaka kumi.”

Sikunyamaza kwa ugonjwa. Nilikuwa na hasira. Mlinifundisha nisipokee hata maji mkononi mwa mama mdogo Ghislaine. Usiniandikie mpaka umemwambia ukweli, mbele ya watu.

Larissa, binti yako

Uvira, 21 Aprili

Larissa,
Salamu kwako na kwa huyo aliye tumboni.

Nilifika mji wa Baraka, anakoishi Ghislaine. Nilisema kanisani, waumini wote wakisikia. Hakulia. Aliuliza neno moja: “Dada yangu alikufa akiamini ni mimi?”

Nikajibu, “Ndiyo.”

Akatoka, akaenda kujifungia kwake. Nililala kwa mchungaji. Asubuhi Ghislaine alimtuma jirani aniombe namba yako. Nimempa.

Akipiga, mwitikie.

Baba yako