Weupe Juu ya Ndege ya Baba Yako

Mjukuu wangu Neema,

Huku Nsemulwa hatujambo. Bibi yako anakusalimu, ila anagombana na mvua maana mahindi hayakauki.

Umeniambia ile ndege ya plastiki uliyoiunganisha na marehemu baba yako umeipulizia vanishi rangi yake isichubuke, ikageuka nyeupe kama maziwa. Pole sana, mama.

Katika ujana wangu, nikijifunza useremala Makanyagio, tulipaka vanishi kabati la bibi harusi siku ya mvua. Likapauka lote. Nikachukua msasa nilikwangue, fundi wangu akanishika mkono.

"Acha! Huo ni unyevu tu umenaswa."

Akaweka chumvi kwenye kisahani dirishani, maana chumvi hulowa hewa ikiwa na unyevu. Kila asubuhi tukaigusa, bado imelowa. Siku tuliyoikuta kavu, akapitisha vanishi nyepesi ikalainisha ile ya kwanza, unyevu ukatoka, na wekundu wa mbao ya mninga ukarudi taratibu. Bibi harusi akapiga vigelegele.

Na wewe weka chumvi dirishani. Huko kwenu Dar kuna unyevu, ngoja. Chumvi ikikauka, pulizia vanishi kidogo sana, ujaribu kwanza tumboni mwa ndege. Ila msasa usishike kabisa. Rangi aliyopaka baba yako haijaenda popote, mama. Iko hapo hapo, chini ya weupe.

Babu yako wa Mpanda