Gitare ya tumbo kubwa ya Syauswa

Kavuo, natoka ku misa sasa hivi, niko nacheka mpaka machozi!!

Unakumbuka ku magasin ya kuuzisha magitare kule Beni? Syauswa akachagua gitare ya tumbo kubwa. Yangu ya kiuno chembamba akaichekelea mbele ya chorale yote ya bayimbaji: «Hii ni ya batoto!» YA BATOTO, Kavuo!

Nilijua tumbo kubwa inaleta sauti nzito, mbele ya micro ya kukuza sauti itanguruma. Nikamuacha ailipe.

Leo akapiga. Baffle, ile sanduku ya sauti, ikalia vuuuuu! Bamama bakaziba masikio. Mon père, padri wetu, akamuonyesha mukono: acha!!

Mimi nikaendelea na yangu, kila kamba inasikika safi.

Akakuja polepole: «Masika, unipe yako nimalize wimbo.»

Nikamujibu ndani ya micro, kanisa yote isikie: «Hapana, papa Syauswa. Hii ni ya batoto.»