Gemu Moja kwa Siku

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo nimemchapa mtu wa Brazil. Mfalme wake nimembana kona kama panya wa ghala. Brazil! Mtu yuko ng'ambo ya bahari huko, mimi nimekaa juu ya jiwe hapa mwaloni kwa wavuvi, miguu inanuka dagaa, na namtoa jasho. Mtandaoni naitwa NgoshaMkali. Anayetaka kujua ukali wenyewe aje tucheze chesi.

Sasa habari mbaya.

Mchana nilikuwa nalinda dagaa wa Mama kwenye chanja. Nikaona yangeyange mweupe katua chanja ya pili, anakula kwa raha zake kama kaalikwa. Nikaokota jiwe. Kwa shabaha mimi sina mpinzani — likampata sawasawa. Yangeyange akageuka akaniuliza kama nina wazimu. Kumbe Mama Nathaniel, jirani yetu! Kainama anageuza dagaa wake, kichwani kilemba cheupe cha kwaya.

Jiwe lilikuwa dogo, kilemba kilikuwa kinene. Namshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Nimeomba radhi kwa Kiswahili na Kisukuma. Akauliza siku hizi sijui mtu na ndege? Nikacheka. Lakini hapa naandika ukweli maana hakuna wa kusoma: sikujua. Niliona weupe tu. Na si leo tu. Zamani kivuko cha kutoka Kamanga nilikiona kikiwa bado katikati ya ziwa, na malori yake juu. Sasa ni doa linalotembea.

Simwambii mtu. Jumamosi ijayo ni fainali ya chesi ya vijana Kanda ya Ziwa, mtandaoni. Mimi na Adoyo wa Musoma, msichana wa kidato cha sita. Mshindi anakwenda Dar kuiwakilisha kanda. Mimi, niliyeishia kidato cha pili! Walimu wangu wajiandae kuona haya.

Jumatatu, 4 Agosti

Baba kapandisha mtumbwi nchi kavu. Mbalamwezi imeanza, na mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wote wamerudi nyumbani kushona nyavu na kuchunguza watoto wao.

Siku za giza huwa nakula maisha. Baba jioni yuko ziwani, mchana amelala, NgoshaMkali anacheza mpaka chaji ikate. Siku za mwezi ni kama polisi wamehamia kwetu.

Na Precious, mdogo wangu, hana dogo. Kamwaga yote. Yangeyange. Macho mekundu asubuhi. Eti simu naishika karibu na pua kama nainusa. Mama akasema amekuwa akiona hayo, alisubiri Baba apumzike. Kumbe kesi ilikuwa na mashahidi wawili, mimi nilidhani mmoja!

Nilitegemea makofi. Baba hakuinua hata sauti. Aliendelea kushona wavu wake, halafu akasema:

"Mvuvi wa dagaa haitazami taa, Mayala. Anaipa mgongo, anatazama giza. Wewe taa umeilaza usoni."

Nikajua anamsema nani. Kaka yake, baba mkubwa Josephat, yuko ng'ambo Kamanga, wajukuu wanamshika mkono kumpeleka chooni. Ndiye alikuwa mtu wa taa kwenye mtumbwi wao. Mwalo mzima unajua kwamba taa zilimla macho.

Sheria: gemu moja kwa siku, baada ya chakula cha mchana. Saa zote nyingine simu inalala kwenye mkoba wa Mama, imefungwa na kitenge kama mtoto mchanga.

Nilikuwa na majibu kumi. Nikaikabidhi simu mwenyewe. Mimi!

Jumatano, 6 Agosti

Nimewapata. Baba alisema gemu moja, hakusema refu kiasi gani. Jana nikachagua ule mchezo ambao kila mtu anapewa muda mrefu wa kufikiri. Nikakaa nao kivulini kama mzee wa baraza. Mama akaosha vyombo, akaenda kisimani, akarudi, mimi bado. Akauliza hilo gemu lina mimba? Nikamwambia Mama, sheria ni sheria, hili ni moja.

Precious akaenda kumwamsha Baba.

Leo sheria imerekebishwa: gemu liishe kabla dagaa hawajageuzwa. Na kwa jua hili la Agosti! Nikianza tu kutoa farasi, Mama anaita tukageuze. Nimepoteza kwa mtoto wa India. Nasema mtoto kwa sababu nikisema mtu mzima itauma zaidi.

Adoyo kaniandikia kwenye grupu la wachezaji. Anauliza mbona siku hizi sionekani, nimeogopa? Nimemjibu kwamba simba hafanyi mazoezi, swala ndiye anayekimbia kila siku. Wakacheka wote.

Kichwa kinaniuma juu ya nyusi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wenye nguo mpya wamekwenda kwenye maonyesho kuangalia ng'ombe. Mimi ng'ombe nawajua.

Mama karudi kutoka jumuiya na tangazo: madaktari wa macho wamekuja na kambi yao, wako kwenye shule ya msingi kesho mpaka Jumatatu, bure. Baba akasema kesho asubuhi tunakwenda. Nikasema kesho nina fainali. Akasema fainali ni jioni. Nikasema basi Jumatatu. Akasema Mayala, kwa namna ambayo mjadala ukaisha.

Naandika vizuri sasa: naogopa. Leo nilisimama juu ya mwamba nikaziba jicho moja, nikajaribu kusoma maandishi ubavuni mwa mitumbwi. Nikabadilisha jicho. Yale yale. Baba mkubwa naye walimpeleka kwa daktari akiwa bado anaona kidogo, wakamwambia amechelewa. Nikiambiwa vile? Chesi kwisha. Na nani atanishika mkono? Precious? Huyo ataniingiza ziwani kwa makusudi.

Lakini nina mpango. Kule wanakuonyesha herufi E zilizogeuzwa huku na huku, unasema miguu yake imeelekea wapi. Watu wanajibu kwa sauti. Mimi nakariri mchezo mzima wa chesi. E chache zitanishinda?

Jumamosi, 9 Agosti

Herufi kubwa hizi si za ulevi. Siuoni mstari, nakisia tu. Nitaeleza.

Kambini foleni ndefu. Ni bibi tu na mimi. Nikasimama kimya, nikasikiliza aliye mbele: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Aliyefuata vile vile. Zamu yangu ikafika kichwani mna kila kitu. Sista mmoja, anaitwa Bernadeta, mnene, mpole, akaniambia nizibe jicho la kushoto. Nikaanza kumiminika: juu, kulia, chini, chini, kushoto! Bila hata kupumua. Nikaongeza na mstari wa mwisho wa bure.

Sista akaguna. Kisha akaniuliza nimezionaje, maana kadi ya zamani ameitoa na mpya bado iko mkononi mwake.

Bibi wote wa foleni walicheka. Baba peke yake hakucheka. Alinitazama tu, na nikaona amejua: mtu anayeona hadanganyi hivyo.

Wakanitia matone ya kupanua mboni. Nikakaa, dunia ikaanza kung'aa kama bati jipya. Daktari mwenyewe kijana tu, lafudhi ya Kihaya, akanipeleka chumba chenye giza, akamulika ndani kabisa. Jicho la kulia. La kushoto. Akapima na presha ya ndani ya jicho. Akaandika kitu kwenye karatasi. Mama alikuwa kashika shati langu kwa nyuma kama mtoto anayevuka barabara. Nilifikiri: sasa anatafuta neno la kusema.

Akasema sioni mbali. Basi! Nahitaji miwani, itakuja wiki ijayo. Ndani ya macho kuzuri, presha nzuri, hakuna kinachokufa.

Mama akamwuliza na simu je? Akasema simu haichomi jicho, ila kukodolea kitu cha karibu kutwa nzima si kuzuri kwa kijana, ndiyo maana kichwa kinauma. Nicheze, nipumzike, nitazame mbali, nikae sana nje kwenye mwanga. Nikamwambia Dokta, mimi nje nipo, ninalinda dagaa. Sista Bernadeta akasema wamesikia, na Mama Nathaniel pia amesikia. Habari hapa inakimbia kuliko pikipiki.

Kisha Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza habari za kaka yake. Za taa. Alieleza polepole, kama anayetoa kitu alichokibeba miaka. Daktari akauliza maswali, kisha akasema hajamwona mgonjwa, lakini kwa maelezo hayo inafanana na presha ya macho. Inamla mtu pole pole bila maumivu. Taa haina kosa. Ila inapenda kutembea ndani ya ukoo. Na wewe mzee, akasema, hebu kaa kwenye hiki kiti.

Baba akasema yeye anaona ziwa zima. Akashukuru, akatoka.

Tulimkuta nyuma ya madarasa anapenga kamasi. Akasema vumbi. Uwanja umemwagiwa maji asubuhi, vumbi gani? Mama alinikumbatia mbele ya watu, akaniita ng'wana wane, mwanangu, kama nina miaka mitatu. Na mimi nilikuwa mwepesi! Nilitamani kukimbia mpaka ziwani. Nilikimbia kidogo, nikajikwaa, maana sioni chini.

Njiani Baba akasema sheria ya gemu moja imefutwa, sasa tunafuata ya daktari. Nikasema Dokta kasema nitazame mbali. Nikigeuka nikatazama ziwa kidogo, nimemaliza? Akasema nikizidi ataleta sheria nyingine.

Sasa balaa. Jioni imeingia, nachukua simu — ukungu! Ubao mzima wa chesi ni kama uji. Sista alisema matone yanadumu mpaka kesho, mimi nilisikia kwa sikio moja. Nasogeza karibu, uji. Nasogeza mbali, uji. Na jua linachoma machoni kama pilipili. Fainali ndiyo inaanza, Adoyo yuko tayari, na Mama na Precious wamekwenda kukusanya dagaa kabla ya umande.

Nilikaa chini. Nikasema basi, nimpe ushindi.

Baba akasema, "Leta hiyo simu. Wewe sema, mimi nagusa."

Baba! Anajua drafti tu, ya vizibo vya soda. Nikamwonyesha: huyu mwenye taji malkia, mwenye kofia askofu, huyu farasi. Akasema farasi gani, huyu punda. Pembeni kuna herufi na namba, ananisomea Adoyo kacheza nini, mimi nimefumba macho, ubao wote nauona kichwani, tena mzuri kuliko kwenye simu. Nikamwambia asogeze huyu, asogeze yule. Adoyo akaanza kuchelewa kujibu. Baba akaniuliza kwa sauti ya chini kama tunamshinda. Tunamshinda! Akasema huyo msichana ni wa watu gani, anacheza kwa adabu.

Tukabadilishana malkia. Tukabadilishana ngome. Kila akifikiri, mimi naandika hapa.

Halafu dakika chache zilizopita Baba akasema: "Kaleta malkia, f tano."

Nikamwambia Baba, malkia wake tulishamla.

Akasema basi yule mwingine. Nikauliza ana kofia au ni punda? Akasema ana kichwa. Nikauliza kikoje. Nikasikia kiti kinalia, anasimama kwenda mlangoni penye mwanga. Nikafumbua macho: kivuli chake kimenyoosha mkono wote, simu iko mbali kama anampa mtu wa ng'ambo. Kisha akairudisha mpaka puani. Kama mimi vile!

Nyumba nzima tuna macho manne na hakuna hata moja la kusomea farasi.

Saa yangu inakimbia. Nikafikiri: askofu akienda f tano anapata nini? Hakuna. Farasi akienda pale anamtisha mfalme wangu na ngome pamoja. Adoyo si mjinga. Ni farasi. Nikasema sogeza mfalme, h mbili. Baba akagusa. Ikakubali. Sasa tunasubiri, Adoyo anafikiri.

Baba karudi kukaa. Simu iko gotini kwake. Nilikuwa nimeandaa utani mmoja mtamu, kwamba mzee nawe gemu moja kwa siku. Nimeushika mdomoni. Haukutoka.

Yeye ndiye kaanza, kama anauliza habari za upepo:

"Wale madaktari, Jumatatu bado wapo?"

Nikamwambia wapo. Nikamwambia foleni nitamshikia mimi, tangu asubuhi. Akafuta kioo cha simu kwa shati. Lakini hakukataa.

Simu imelia. Adoyo kacheza. Baba ameinua simu, amesogeza mbali, amerudisha karibu.

"Ngoja," anasema.

Nangoja.