Nilisema Sauti ya Nesta Ni Yangu

Shikamoo mama Tabita. Naomba unisaidie, ingawa naandika kwa aibu maana hili nimejitakia. Mimi ni Ezron, natafsiri muvi kwa Kiswahili, narekodi sauti yangu juu yake na kuzionyesha kwenye kibanda changu hapa Tunduma, wateja wengi ni madereva walio kwenye foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia, na mwaka jana nilitafsiri muvi za jasusi mmoja, ya kwanza ikaenda kawaida tu, ila ya pili ilijaza kibanda hadi watu wakasimama nje, na madereva wakirudi safari nyingine wanaulizia hiyo hiyo. Kwenye ya pili sauti za wanawake alifanya mke wangu, Nesta, na ndiye aliyeniambia Ezron acha kueleza bunduki na magari, huyu mtu walishamjua tangu ya kwanza, sasa wanataka kujua anaogopa nini, na pale mwanamke anapomdanganya jasusi huku anampakulia chakula Nesta alinishika mkono akasema hapa tunyamaze, nikanyamaza, na siku ya kuionyesha kibanda kizima kikanyamaza.

Basi sifa zikanilevya. Watu walipouliza sauti ile ya kike ni ya nani nikasema ni yangu, huwa naibana tu, kumbe Nesta amesimama mlangoni anasikia. Ya tatu nikafanya peke yangu, nikaongea mwanzo mwisho, nikajitaja jina hata katikati ya ngumi, watu wakatoka haijafika nusu, na tangu siku hiyo kibanda kimepoa. Nesta yuko kwao Kamsamba tangu Machi, analima mpunga. Najuta sana mama. Nieleze siri ya ile ya pili ilikuwa nini, maana ya nne ninayo tayari.

Ezron, Tunduma

Marahaba, Ezron. Siri umeiandika mwenyewe halafu unaniuliza mimi. Ya kwanza ilitumia muda kumtambulisha mtu, ya pili ikapata nafasi ya kumtia majaribuni, na alikuwepo wa kukuambia ufunge mdomo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Najua unaumia, nakuonea huruma. Lakini mwanangu, jasusi umempa barua nzima, na kuondoka kwa mkeo kukapata mstari mmoja mwishoni. Hukukosea kutafsiri, ulimwibia mtu sauti yake naye anakutazama.

Jumamosi hii onyesha ile ya pili. Kabla hujaiwasha simama mbele useme sauti hiyo ni ya Nesta, mke wangu, nami niliwadanganya. Watacheka, waache wacheke. Kisha mchukue mshenga wako mwende ukweni Kamsamba, na hiyo ya nne iache nyumbani, kwa sababu ukienda nayo atajua umefuata sauti. Usimlilie kwamba kibanda kimekufa, hilo si lake. Mwombe radhi mbele ya wazazi wake, umalize, usikilize.

Kwamba atarudi, siwezi kukuahidi, wala halazimiki. Akikataa, rudi Tunduma, na kila utakapoionyesha muvi ile utaje jina lake kabla ya lako, hata kama yeye hatasikia.